Kuzunguka Ziwa Naivasha kwa baiskeli kuchangisha pesa: mwongozo kamili wa waandalizi

Watu 60 wakizunguka ziwa kwa baiskeli, anayeamua saa ya kumaliza si kijana wa mbele mwenye baiskeli nyepesi na miwani ya bei. Ni yule wa mwisho kabisa, aliyekodi baiskeli jana jioni, tandiko liko chini mno, na saa nne asubuhi anaisukuma kwenye vumbi. Maji, chakula, ambulansi, askari wa trafiki, hata saa ya kuondoka: vyote vihesabu kuanzia kwake kurudi nyuma. Waandalizi wengi hupanga kwa mwendo wao wenyewe, na hapo ndipo mambo huanza kuharibika.

Mwongozo huu ni wa Ziwa Naivasha na kundi la watu 60. Ukiwa na 30, gawa kwa mbili. Ukiwa na zaidi ya 100 katika mwaka wa kwanza, punguza.

Njia, na upande wa kuzungukia

Ziwa liko kwenye Bonde la Ufa, mita 1,890 hivi juu ya usawa wa bahari, kama kilomita 90 kutoka Nairobi. Lina barabara pande zote: Moi South Lake Road kusini, Moi North Lake Road kaskazini na magharibi, na kipande cha barabara kuu kinachoziunganisha upande wa mji wa Naivasha. Mzunguko mzima ni kati ya kilomita 65 na 75, kulingana na unapoanzia na michepuko ya siku hiyo. Kusini sehemu kubwa ni lami, kutoka mjini kupitia Karagita, njia panda ya Hell's Gate na Elsamere hadi maeneo ya Kongoni. Magharibi na kaskazini kuna vipande virefu vya murram, vumbi laini na mawe, na hali yake hubadilika kila mvua inaponyesha au greda linapopita.

Zungukeni ziwa likiwa mkono wenu wa kushoto. Kenya tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo kona zote kubwa mtakata kushoto bila kuvuka magari yanayokuja: kutoka barabara kuu ya Nakuru kuingia North Lake, na mwishoni kutoka South Lake kuingia barabara ya Maai Mahiu kurudi mjini. Mkizunguka kinyume chake, watu 60 waliochoka watakata kulia mbele ya malori. Faida ya pili ni kwamba sehemu ngumu mnaimaliza asubuhi miguu ikiwa na nguvu, na lami inabaki kwa mchana. Hasara ipo: wanaoishiwa nguvu huishiwa magharibi, mbali na mji na mbali na matatu. Ndiyo maana gari la kubeba baiskeli likae upande huo, si mjini likisubiri kupigiwa simu.

Kagua njia mara mbili: wiki mbili kabla, kisha saa 48 kabla. Ukaguzi wa kwanza ufanywe kwa baiskeli. Ukiwa ndani ya gari huoni mchanga unaozamisha tairi, wala hujui kwamba mteremko fulani unaishia kwenye daraja jembamba. Andika kilomita ya kila tuta, kila kivuko cha mto, kila mahali simu inapokosa mtandao, na kila lango la shamba la maua linalotoa malori. Angalia pia ufuo. Maji ya ziwa hili hupanda na kushuka sana; mwaka 2020 yalifurika mpaka mtaa wa Kihoto na kuwahamisha watu, na njia zilizokuwa kavu zikawa chini ya maji. Ramani ya simu haitakwambia hayo.

Kuna watakaotaka kuongeza Hell's Gate, kwa kuwa ni miongoni mwa hifadhi chache za taifa nchini zinazoruhusu baiskeli. Wazo zuri, lakini lipeni siku yake. Linaleta ada za KWS, shirika la wanyamapori, kilomita za ziada na watu kupotea kwenye korongo, na mtu wenu wa mwisho hana akiba ya nguvu za kulipia hayo yote.

Tarehe

Machi hadi Mei kuna mvua ndefu, Oktoba hadi Desemba mvua fupi. Murram ya North Lake ikilowa hugeuka tope linaloshika tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Januari na Februari ni kavu, lakini kuelekea tarehe 14 Februari mashamba ya maua huwa kwenye msimu wake mkali wa mwaka, na malori ya baridi na mabasi ya wafanyakazi hujaa South Lake. Epuka pia wikendi ya Safari Rally, ambayo tangu 2021 makao yake ni Naivasha: hoteli hujaa, bei hupanda, na polisi wana kazi nyingine. Bora ni kati ya mwisho wa Julai na Septemba. Asubuhi ni baridi, watu waambiwe waje na koti jepesi, lakini barabara ni kavu.

Jumapili ina magari machache ya mashamba kuliko Jumamosi, ila utawapoteza wanaokwenda kanisani. Wengi huchagua Jumamosi, na si kosa mkimaliza kabla ya saa kumi, wakati wafanyakazi wanapotoka na barabara kujaa mabasi na watembea kwa miguu.

Pesa kwanza, baiskeli baadaye

Tenganisha mifuko miwili tangu siku ya kwanza. Ada ya kushiriki ndiyo inayolipia siku yenyewe: gari, mafuta, chakula, ambulansi, bima, fundi. Michango ya wafadhili haiguswi, inakwenda yote kwenye lengo, iwe ni vitanda vya wodi ya wazazi au karo. Mkiweka ada ya shilingi 2,500 kwa watu 60 mnapata 150,000, na bajeti ya siku lazima iingie humo. Isipoingia, ongezeni ada au tafuteni duka la kutoa maji na ndizi. Msichote kutoka kwa michango "kwa muda tu". Mwaka unaofuata wafadhili watauliza, na jibu refu ni jibu baya.

Pokeeni michango kwa Paybill ya kikundi, yaani namba ya malipo ya M-Pesa, kamwe si kwa namba ya simu ya mweka hazina. Paybill ina sehemu ya akaunti, na hiyo itumieni vizuri: kila mshiriki apewe namba yake, 001 hadi 060, na mfadhili wake aandike namba hiyo kama akaunti. Jioni mkipakua taarifa mnajua papo hapo 017 amechangisha kiasi gani, bila kubishana juu ya ujumbe uliofutwa kwenye simu. Namba hiyo hiyo ndiyo itakayobandikwa kwenye usukani siku ya safari.

Mshiriki awekewe kiwango cha chini, tuseme shilingi 5,000, na kiwe kimelipwa siku saba kabla. Ahadi za "shilingi 50 kwa kila kilomita" zinachangamsha watu, lakini ahadi isiyolipwa kabla ya safari huyeyuka baada yake. Mfadhili akipenda hesabu ya kilomita, zidisha kwa 70 na umwombe alipe sasa. Hesabu za mwisho, zenye kilichoingia, kilichotumika na risiti ya kukabidhi, ziwafikie wafadhili wote ndani ya siku 14.

Kikundi kisichosajiliwa hakitafika mbali benki wala kwa wafadhili wakubwa. Vikundi vya kijamii husajiliwa chini ya sheria ya 2022 ya usajili wa vikundi hivyo, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii iliyo karibu nanyi. Na mkitaka kuzungusha ndoo sokoni au kando ya barabara, hiyo ni michango ya hadharani na inahitaji kibali chini ya Sura ya 106 ya Sheria za Kenya. Ushauri wetu: achaneni na ndoo. Inaleta sarafu chache na maswali mengi.

Vibali

Sheria ya utulivu wa umma inataka msafara wa hadharani utolewe taarifa kwa polisi si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Peleka barua mkononi kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, nakala mbili, na moja igongwe muhuri urudi nayo. Iwe na tarehe, saa, idadi ya watu, ramani ya njia, namba za magari ya msafara, na majina na simu za wawili wanaowajibika. Omba kwa maneno ya wazi gari la trafiki kwenye kipande cha barabara kuu na askari kwenye makutano ya mwisho. Usiandike tu "tunaomba usalama": hakuna ofisa anayejua afanye nini na ombi la namna hiyo. Andikia pia serikali ya kaunti ya Nakuru, hospitali ya Naivasha ili idara ya dharura ijue siku hiyo, na mashamba na hoteli ambazo mtaomba choo na kivuli.

Bima ya ajali kwa kundi, ya siku moja, hupatikana kwa kampuni nyingi. Soma kama inashughulikia "mashindano". Safari yenu si mashindano. Liandikeni hilo kila mahali na mlitekeleze. Msiweke zawadi ya wa kwanza.

Hesabu ya mtu wa mwisho

Chukulia kilomita 70, nusu murram nusu lami. Mtu wa mwisho atakwenda kilomita 10 kwa saa kwenye murram na 15 kwenye lami. Hiyo ni saa tatu na nusu, kisha saa mbili na dakika 20. Vituo vinne vya mapumziko, dakika 15, 15, 25 na 15, ni saa moja na dakika 10. Jumla saa saba kamili. Mkiondoka saa 1:00 asubuhi, yeye anafika saa 8:00 mchana. Mkiondoka saa 3:00 kwa sababu mgeni rasmi amechelewa, atafika saa 10:00, uso kwa uso na mabasi ya mashamba. Hotuba ziwekwe mwishoni.

Wala msiondoke kabla ya saa 1:00. Usiku viboko hutoka majini kula nyasi, wengine hadi kando ya barabara, na hurudi alfajiri. Kiboko aliyekatiwa njia ya kurudi majini ni hatari kuliko lori. Jua likishachomoza na watu wakianza kutembea barabarani, hatari hiyo hupungua sana.

Wekeni saa ya kufunga: asiyefika Kongoni saa 6:00 mchana anapanda gari, yeye na baiskeli yake. Liandikwe kwenye fomu ya usajili na lirudiwe asubuhi. Bila hivyo mtabishana naye kando ya barabara, juani, na atashinda kwa machozi.

Baiskeli

Kila baiskeli ikaguliwe siku saba kabla, kisha jioni ya mwisho. Siku saba zinatosha kununua kilichokosekana. Ukaguzi wa asubuhi hugundua matatizo ambayo hakuna tena muda wa kuyatatua.

Anza na breki: bana ya mbele, sukuma baiskeli, gurudumu la nyuma liinuke. Lisipoinuka, breki haitoshi. Shika rimu uisukume kushoto na kulia. Ikicheza, koni za ekseli zimelegea. Zungusha gurudumu uangalie linavyopinda kati ya mpira wa breki na rimu. Tandiko: mtu aketi, aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, na mguu unyooke. Ukikunjika, magoti yatauma kabla ya kilomita ya 30, na huyo ndiye atakayekuwa mtu wenu wa mwisho.

Pedali za kushoto zitazame mara mbili, hasa kwenye baiskeli za kukodi. Pedali ya kushoto ina hesi za kinyume. Fundi asiye makini huilazimisha, nayo hukaa vizuri kwa kilomita 20, kisha hutoka na hesi za mkono wa pedali zikiwa zimeliwa, na barabarani hakuna dawa. Kanuni ni rahisi: kwa pande zote mbili, ukikaza, spana ya milimita 15 ikiwa juu huzungushwa kuelekea mbele ya baiskeli.

Black Mamba, zile baiskeli nzito za chuma za zamani, zinaruhusiwa, na wazee wengi huzipenda. Zitakwenda polepole lakini hazivunjiki ovyo. Kagua pini zinazoshika mikono ya pedali, zikilegea mkono unacheza na mwisho unaachia, na kumbuka tairi zake ni za inchi 28, kwa hiyo tyubu za baiskeli za milimani hazitazifaa. Uliza ukubwa wa tairi na aina ya valvu kwenye fomu ya usajili. Nene kama ya gari, au nyembamba? Pampu ya fundi ibebe vichwa vyote viwili.

Kila mshiriki abebe tyubu moja ya akiba, vitoa tairi viwili na chupa mbili za maji. Fundi, aliye nyuma ndani ya gari, abebe:

tyubu 20 zilizogawanywa kulingana na fomu za usajili. Viraka 60 na chubu 6 za solusheni, si moja kubwa, maana ikishafunguliwa hukauka. Pampu mbili za kusimama chini. Waya 6 za breki za milimita 1.6 na 4 za gia za milimita 1.2, mipira ya breki jozi 10, kitoa pini cha mnyororo na viungo vya kuunganishia vya gia 6, 7, 8 na 9, funguo ya spoki, spana ya pedali, bisibisi na funguo za pembe sita, mafuta ya mnyororo, na matambara, vipande vya tairi kuukuu vya kuziba tairi iliyochanika, na waya wa kufungia na utepe wa gundi, vitu viwili ambavyo huokoa safari nyingi kuliko vifaa vya bei.

Pancha: kwa nini Naivasha huzalisha nyingi

Kuna sababu tatu. Miiba ya migunga, ile miti ya gome la manjano inayozunguka ziwa. Vipande vya kioo cha volkano, mawe meusi yanayong'aa ambayo watu wa kale wa bonde hili walichongea visu, na hadi leo yanakata. Na tatu, upepo usiofaa ndani ya tairi.

Ukitoa tyubu ukakuta matundu mawili madogo sambamba, usitafute mwiba. Tairi ilikuwa laini mno, jiwe likaibana tyubu kwenye rimu. Tairi ya milimani yenye upana wa inchi 2, kwa mtu wa kilo 70, ijazwe PSI 30 hadi 35 kwenye murram, na mkifika lami pale Kongoni ongezeni hadi 45. Mtu mzito aongeze 5.

Tundu likiwa moja, mwiba bado umo. Pitisha vidole ndani ya tairi polepole, mzunguko mzima, mara mbili. Mwiba wa mgunga huvunjika ukaacha ncha fupi usiyoweza kuiona kwa nje, na ncha hiyo itatoboa tyubu mpya kabla hamjafika kona. Sukuma kutoka ndani kwa bisibisi nyembamba, uvute kwa nje. Kisha pangusa vumbi, kwarua tyubu kwa msasa eneo kubwa kidogo kuliko kiraka, paka solusheni nyembamba, na usubiri dakika 3 hadi 5 mpaka mng'aro uishe na kidole kisinate. Hapo ndipo kiraka kibanwe, kuanzia katikati kwenda kingo. Viraka vingi hubanduka kwa sababu mtu alibandika solusheni ikiwa bado mbichi, akiwa na haraka. Njiani ni afadhali kubadilisha tyubu, na ile iliyotobolewa ibandikwe kituoni kwa utulivu.

Vikundi, magari na mpangilio wa barabarani

Gawa watu 60 katika vikundi vinne vya 15 kwa mwendo, si kwa urafiki. Kila kikundi kiwe na kiongozi wa mbele anayeijua njia, na mfagiaji wa nyuma asiyemwacha mtu. Mfagiaji awe mwenye nguvu kuliko wote kikundini, maana ndiye atakayerudi nyuma, kusukuma, kubandika na kubembeleza. Kosa la kawaida ni kumpa kazi hiyo mtu mlegevu kwa sababu "atakuwa nyuma hata hivyo".

Kwenye barabara kuu mwende wote pamoja, wawili wawili, gari la trafiki nyuma na taa zikiwaka. Mkiingia North Lake, simameni mpange upya. Kikundi cha polepole kitangulie, kisha wengine wafuate kwa nafasi ya dakika 10 kila kimoja, wenye kasi wakiwa wa mwisho. Hili huwashangaza watu, lakini ndilo linalolikaza kundi: wenye kasi wanawafikia wa polepole njiani badala ya kuwaacha kilomita 25 nyuma, na ambulansi haihitaji kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Kwenye murram mstari uwe mmoja, mita 5 kati ya baiskeli, zaidi kwenye mteremko. Vumbi la Naivasha ni laini kama unga, na huwezi kulikwepa shimo usiloliona.

Magari: pikapu ya fundi nyuma ya mtu wa mwisho, Canter ya kubeba baiskeli ikikaa magharibi hadi saa ya kufunga, ambulansi yenye wahudumu wawili katikati ya msafara, na bodaboda mbili. Bodaboda ndizo macho yenu. Hupita pale gari lisipopita, hubeba tyubu, na humfikisha daktari haraka. Madereva wake wawe wa Naivasha, walipwe ya siku nzima, na wapewe helmeti na fulana zinazoakisi mwanga. Viongozi wote wawe na laini za mitandao miwili, na namba sita muhimu zichapishwe nyuma ya kibandiko cha usukani pamoja na 999 na 112.

Ishara na maneno ni yale yale kwa wote, na yafanyiwe mazoezi dakika kumi kabla ya kuondoka: mkono juu ni kusimama; kidole chini upande wa shimo; "gari nyuma!" hupigwa kutoka nyuma kwenda mbele, "gari mbele!" kinyume chake. Asisimame mtu barabarani kwa ajili ya picha. Atoke kabisa kwenye bega la barabara, baiskeli pamoja naye.

Maji na chakula

Kila mtu atahitaji kama lita 0.6 kwa kila saa ya kuendesha. Kwa saa sita na watu 60 ni lita 216. Ongeza akiba upate 280, yaani madumu 14 ya lita 20. Msiyagawe sawasawa: mawili kituo cha kwanza, manne cha pili, matano Kongoni ambako jua limekwisha kukaza, na matatu cha mwisho. Kuna ubaridi asubuhi na upepo unakausha jasho, kwa hiyo watu hawahisi kiu mpaka kichwa kinapoanza kuuma. Kiongozi wa kikundi apige kelele "kunyweni" kila dakika 20.

Maji matupu kwa saa saba hayatoshi, chumvi inapotea. Kituo cha tatu na cha nne wekeni maji ya chumvi na sukari: kwa kila lita, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo. Usizidishe chumvi kwa kudhani ndiyo dawa. Onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi.

Chakula ni kile tumbo linachokijua. Ndizi mbivu 240, nne kwa kila mtu. Viazi vitamu vya kuchemsha kilo 25, vikatwe vipande usiku. Mayai ya kuchemsha 120. Chapati 120 zikunjwe na asali au siagi ya karanga. Vitu vya mafuta mengi kama sambusa na nyama choma vingoje mwisho. Tumbo lililojaa nyama saa tano, na mwinuko unakuja, humrudisha mtu kwenye Canter.

Vituo viwekwe kwenye kivuli, penye choo, mbali na ukingo wa maji. Picha ya baiskeli imeegemea nyasi za ziwani ni nzuri, lakini kiboko hukaa kwenye mafunjo yale yale, na asikae mtu kati yake na maji. Twiga na pundamilia wakivuka barabara, simameni wapite wote. Anayechelewa nyuma yao mara nyingi ni mtoto, na mama hurudi.

Afya

Fomu iulize pumu, kisukari, moyo, shinikizo, mimba, mzio na namba ya mtu wa kupigiwa. Taarifa hizo ni siri: nakala moja kwa wahudumu wa ambulansi, na baada ya siku hiyo zichanwe. Wenye pumu wapangwe mbele ya kikundi chao ambako vumbi ni kidogo, na dawa ya kuvuta iwe mfukoni mwao, si kwenye begi lililo ndani ya gari.

Helmeti ni lazima, na kamba chini ya kidevu iache nafasi ya vidole viwili tu. Aliyeanguka na kugonga kichwa haendelei, hata akicheka na kusema yuko sawa. Akirudia swali lile lile mara mbili, akitapika au akionekana mzito, ni hospitali moja kwa moja. Helmeti iliyogonga chini haitumiki tena.

Kumaliza

Kwenye mstari wa mwisho akae mtu mmoja mwenye orodha na kalamu, asiye na kazi nyingine. Kila namba inayoingia inapigwa alama, pamoja na waliokuja kwa Canter na waliochukuliwa na ndugu zao njiani. Hawa wa mwisho ndio wanaosababisha msako wa usiku, kwa hiyo kanuni iwe kwamba hakuna anayeondoka na gari binafsi kabla ya kumpa mfagiaji wake kibandiko cha usukani. Askari, ambulansi na bodaboda hawaachiliwi mpaka alama ziwe 60. Ni saa nane na dakika kadhaa. Wa kwanza wameshaoga na kula, na 043 ndiyo kwanza anakata kona ya barabara ya Maai Mahiu, fundi yuko nyuma yake kwenye pikapu. Sahani yake iwe imefunikwa.